Robo Tangi

Nilizungusha ufunguo nusu, nikasubiri
ule mvumo wa nyuki chini ya kiti cha nyuma.
Sekunde mbili tu, ulinifundisha kuusikiliza.
Kimya.
Stata ikakohoa, ikakohoa,
theluji ya Gyumri ikanitazama usoni.

Jirani Mkrtich akasema, ivutwe kwa fundi.
Fundi anataka pesa ya mwezi mzima,
na pesa ya mwezi mzima ingali Krasnoyarsk,
kwa tajiri wako, hajakulipa.
Nikaenda sokoni. Muuza vipuri
akaniuliza mara mbili kama nina hakika na pampu.
Nami nikamwuliza kama ana hakika na bei.

Banda la gari limepakana na jikoni,
kwa hiyo nilizima jiko.
Petroli na moto havilali chumba kimoja.
Mama yako akajifunika mablanketi matatu
akanilaani kwa adabu, kwa jina langu lote.

Kiti kilipong'oka nilikuta maganda ya alizeti,
sarafu ya nchi nisiyoijua,
na glavu nyekundu ya Nareh,
ile tuliyomgombeza aliyoipoteza,
naye akaapa, akalia, akaapa.

Nikachomoa waya wa betri.
Pete ya kifuniko ikagoma. Nyundo ya chuma hutoa cheche,
nikaigonga kwa mti wa kusukumia mkate,
taratibu, kuizunguka,
na hapo ndipo simu ilipolia.
"Varsenik," ukasema, "sikiliza, usi—"
mtandao ukakatika.

Usi nini?
Usivute? Usikaze? Usiguse?
Usiogope?
Nilifanya kazi yote iliyobaki
nikiwa na nusu ya neno lako sikioni.

Pampu kuukuu ikatoka ikidondoka,
chujio lake jeusi kama soksi ya mchimba makaa.
Haikufa kwa uzee.
Pampu hupozwa na petroli inayoizunguka,
nasi miaka yote tuliiwekea robo tangi,
robo tangi,
tukaiacha iungue nusu yake juu ya maji yake.

Mpya ikavuma. Nikazima, nikawasha tena,
bila safari yoyote, kusikia tu.

Usiku ulipopiga nilikuuliza: usi nini?
Ukafikiri kidogo. Ukasema umesahau.
Mama yako, mikono juu ya jiko,
akauliza kama gari lina harufu kila mara
au ni mimi.