Meza Inayoyumba

Tulikodi vyumba viwili kwa wiki sita.
Hii ni ya ishirini na tatu,
na Graciete mwenye nyumba ameacha kuuliza.
Kila Jumatatu hupanda ngazi, hulamba kidole,
huhesabu noti, kisha hutuachia ndimu tatu
kama anayerudisha chenji.

Mume wangu Ryszard alikuwa fundi wa mitambo ya kufuma,
miaka thelathini na minane, zamu ya usiku,
katika mji ambao jina lake kwa lugha yetu ni Mashua
na hauna bahari, hauna hata mto wa kuogesha bata.
Tangu shuleni tulilicheka jina hilo.
Mashua yetu ilikwama nchi kavu, ikajazwa pamba.

Sikio lake la kushoto lilibaki kiwandani.
La kulia husikia linachotaka.

Hapa Espinho tumeanza kusema upya, kama watoto wa chekechea.
Graciete anagonga vitu kwa ufunguo: *mesa*, anasema;
*bandeira*, ile nyekundu ya waokoaji pale ufukweni;
*lenço*, hiki alichojifunga kichwani;
na kidude anachokikaza Ryszard chini ya kiti, *parafuso*.
Ryszard anarudia, meno ya bandia yakimvuruga,
naye Graciete anacheka hadi anashika ukuta.

Usidhani ni peponi.
Februari kuta zilitoa ukungu, soksi hazikukauka,
na mkate wa huku mweupe, mwepesi, haushibishi mtu.
Tuligombana siku mbili kwa sababu ya mwavuli.

Sokoni Adérito muuza samaki ananijua.
Mwezi wa kwanza aliniuzia kwa bei ya mgeni,
wa tatu kwa bei ya jirani,
juzi kaninong'oneza: leo usinunue, hawa wamelala.
Nikarudi na kikapu kitupu, nimefurahi
kuliko siku niliyokabidhiwa cheti cha kustaafu.

Binti yetu Agata hupiga simu Jumapili.
Mnarudi lini? Maua ya dirishani yamekufa,
jengo linabadilishwa mabomba,
daktari wa baba ametuma barua ya pili.
Namwambia: mwezi ujao. Namwambia: hali ya hewa.
Namwambia kila kitu isipokuwa hili:

kiwanda kilipofungwa, baba yako aliacha kulala.
Miaka kumi na mmoja nilimsikia usiku akitembea,
jikoni, sebuleni, jikoni,
akifungua redio mahali pasipo na stesheni
kwa ajili ya ule mvumo tu.
Ukimya ulimkalia kifuani kama paka wa watu.

Usiku wa kwanza hapa dirisha lilibaki wazi
kwa kuwa komeo lilikuwa bovu.
Bahari ikaingia: inavuta, inapiga,
inavuta, inapiga,
nami nikamsikia akisema gizani, wala si kwangu,
"Namba saba mkanda umelegea,"
kisha akakoroma.
Alilala saa tisa mfululizo, hadi jua likamfikia miguuni.
Nilikaa kitandani nikimtazama
kama mtu aliyeona pesa barabarani
na anaogopa kuinama.

Komeo hatujalitengeneza.
Fundi yumo ndani, parafujo zimo kwenye kopo,
hatujalitengeneza.

Na hii meza ya jikoni, tangu tufike inayumba.
Ryszard alikaza kila kinachokazika, ikaendelea.
Kosa ni la sakafu, alisema, akaenda zake.
Jana nimekuta imetulia.
Nikainama, magoti yakilia: chini ya mguu mmoja
karatasi iliyokunjwa mara nne,
tarehe ya kurudi imekatikia katikati,
viti viwili, kimoja cha dirishani.

Sikusema kitu.
Nilitandika kitambaa,
nikajaza supu hadi ukingoni mwa bakuli,
nikamwita kwa sauti kubwa, upande wa kulia.