Nne: Mengineyo

Wiki ya tatu ya fildi nimepangiwa Igogo:
madodoso arobaini, kalamu mbili za bluu,
na kitambulisho cha chuo kinaning'inia shingoni
kana kwamba nimekuja kukamata mtu.

Sera inasema huduma ya mjamzito ni bure.
Mstari huo nimeupigia wino kwa rula.
Nikamsomea Mbuke, mparua sato wa Mwaloni,
akacheka hadi mwanawe akaachia titi.

"Bure." Akafuta magamba kwenye kitenge, akahesabu
polepole, akiusubiri mwandiko wangu:
glovu jozi tatu, wembe, uzi wa kitovu,
beseni, mpira wa kulalia,
na elfu mbili ya mlinzi wa geti.

Ulifikaje kituoni?
Moja, kwa miguu. Mbili, pikipiki. Tatu, gari.

"Kwa kiti."

Kiti?

"Cha plastiki, cheupe, cha baa ya Sundi.
Pikipiki itapandaje mawe haya, we hujaona?
Wanaume wanne walinishusha, jiwe kwa jiwe,
mmoja kaing'ata simu kwa tochi yake.
Kiti kilirudi na mguu uliovunjika.
Nadaiwa hadi leo."

Nikazungushia nne: mengineyo.

Ofisini Wakili Rweyongeza akapitisha kidole kwenye jedwali.
Nne. Nne. Mbili. Nne.
"Mengineyo yakizidi, binti, ujue hukuuliza vizuri."
Dirishani kivuko cha Kamanga kilikuwa kinageuza pua.
Nikajiuliza walioandika sera
walimuuliza nani.

Usiku, hosteli ya Nyegezi, nikampigia mama kule Ukara.
Mama, mimi ulinizaa wapi hasa?
Akanyamaza. Nikasikia kuku, redio, mwiko ukiwekwa chini.
"Leo umekumbuka nini? Mwaka wa magugu-maji.
Mtumbwi ulinasa, baba yako anakata kwa panga,
anakata, na magugu yanafunga nyuma yetu.
Zahanati tuliiona taa tu.
Kitovu chako kilikatwa na kisu cha nyavu.
Umekula lakini?"

Nimekula, mama.

Lilibaki dodoso moja tupu, la akiba.
Juu yake pameandikwa kwa herufi ndogo:
mtafiti asijaze.
Tarehe. Kata. Ulifikaje kituoni?
Sikufika.
Wino ukakatika kwenye kituo.
Nikafungua kalamu ya pili.