Nne kwa Dola Moja

Siku za kazi napiga picha za pasipoti, Birere,
kibanda cha mbao, shuka nyeupe kwenye misumari.
Nasema: kidevu juu, masikio yaonekane, usicheke.
Watu hutii.
Nne kwa dola moja.

Jumapili, misa ikiisha, napanda Buhene
juu ya jiwe lililokuja usiku ule wa Mei
likitembea kama mtu asiye na haraka,
likameza mtaa, likalala papo hapo.
Jangwa letu halina mchanga. Ni jeusi,
lina makali ya chupa iliyovunjika,
na ikifika saa sita mchana linalirudisha jua
lote lililokopeshwa tangu asubuhi, na riba juu.
Hivi ni viatu vyangu vya tatu.

Nalala kifudifudi, kiwiko kwenye kipande cha gunia.
Mjusi hajui maana ya usicheke.
Nampiga ubavuni kwanza, kabla hajanishuku,
kisha mgongoni, niyahesabu magamba ya katikati,
kisha, Mungu akijalia, vidole:
kidole cha nne cha mguu wa nyuma
kina habari kuliko uso wa mkuu wa mtaa.
Kando yake naweka kifuniko cha soda kiwe kipimo.
Jumapili moja alikisogelea, akakilamba,
akanitazama kana kwamba nimemhonga kidogo mno.

Mtaani naitwa Papa Mijusi, wala si kwa heshima.
Usiku simu inalia: njoo upesi, swila chini ya kitanda!
Nafika na tochi. Ni ukanda wa mpira wa chukudu
umejikunja gizani.
Aliyeumwa na nyoka hushtuka kwa ung'ongo;
hapa kwetu hata mpira una meno.

Wakimpata wa kweli, wananiletea ndani ya bidoni ya mafuta,
mkia bado unacheza,
kichwa kimepondwa kwa jiwe, mara tatu, kwa uhakika.
"Nyoka gani huyu, Papa?"
Jina lake lilikuwa kichwani, nawaambia.
Gamba la juu ya jicho. Tundu la pua.
Mboni, kama ni duara au ni ufa.
Mmepasua kitambulisho, sasa mnaniuliza jina.
Wanacheka wote
isipokuwa Muhindo, anayenibebea mkoba.

Yeye na mimi, ile Mei, tulimtafuta mdogo wake
kwa picha niliyompiga mwenyewe, ya kuingilia shule:
kidevu juu, masikio wazi, hakucheka.
Moja tuliibandika Sake, kwenye mlango wa kanisa.
Moja Rutshuru. Moja tulimpa dereva wa lori
aliyesema anapita sehemu nyingi.
Ya nne iko ndani ya mkoba huu, nyuma ya betri.
Hatuizungumzii. Muhindo huchaji betri mwenyewe.

Leo Mama Katungu ametukuta juu ya jiwe,
kanga imefungwa kiunoni, kandambili zimeyeyuka kisigino.
Amepiga hatua, akahesabu kimoyomoyo, akasimama:
"Hapa ni jikoni kwangu."
Na palepale kwenye ufa, akatoka mmoja,
mwembamba, mkia wa buluu kama moto wa gesi.
Nikashika pumzi. Ubavu. Mgongo. Vidole, viwili tu.
Akarudi ndani, bila haraka, kama mwenye nyumba.

"Anaitwaje?"
Ningesema mjusi-islamu, nikamalize.
Lakini yule ana mistari miwili, na huyu ana mitatu,
na katikati ya mgongo ana kitu kama mwandiko
ambao sijawahi kuuona.
Nikaandika daftarini: Mistari mitatu. Mkia buluu. Jina: bado.

Mama Katungu akainama kuangalia kalamu.
"Kama hujui jina, andika basi anwani.
Avenu ya Mihogo, namba kumi na saba.
Mlango wa nyuma."