Saa ya Ishirini na Tano

Sisi huanza kuhesabu na moja.
Jua likishapanda kidogo juu ya Chinangali,
ndiyo saa moja.
Mashine huanza na sifuri.
Hapo ndipo nilipopotelea.

Nilichonga visanduku ishirini na vinne,
kimoja kwa kila saa ya maji ya zabibu,
nikavipanga kwa C, lugha isiyouliza:
ukiiambia mimina, inamimina,
hata nje ya ndoo.

Mwezi wa tisa, upepo ukipiga mabati,
vali ya kitalu cha saba ikafunguka usiku wa manane,
ikamwaga hadi alfajiri.
Ushirika ukaitana. Nani ana funguo?
Chidumizi, mlinzi.
Nani husinzia zamuni?
Chidumizi.
Wakamnyang'anya tochi na koti la mvua,
wakamkata nusu mshahara, wakamwambia aende.
Nami nilikuwepo. Nilikunywa soda yao.
Nilisema: mfumo uko salama, nimeujaribu.

Wiki tatu baadaye, chumbani Nkuhungu,
feni ikikoroma,
nikamkabidhi mkaguzi msimbo wote.
Huyu haendeshi kitu. Husoma tu,
kama mama na ungo wa uwele:
punje, punje, punje, jiwe,
na moto bado haujawashwa.

Akatoa maonyo arobaini na moja. Mengi makapi:
jina lisilotumika, mabano ya ziada.
La thelathini na nane:
*Mstari wa 212. Unaandika nje ya mipaka.*

Alama ya sawasawa. Vijiti viwili vifupi
vilivyozidi pale penye "pungufu ya".
Kisanduku cha ishirini na tano hakipo.
Palipo ni kwa jirani, kumbukumbu ya vali ya saba,
na kila usiku wa manane nilimwingilia jirani huyo
na lita zangu mkononi.
Zikiwa sifuri, alilala.
Zikizidi sifuri, alisikia: fungua.

Sikuamini. Nikauendesha upya,
safari hii mlinzi wa kumbukumbu
kasimama kwenye kila ukingo.
Usiku wa manane wa kubuni ukafika.
Akapiga yowe, akazima kila kitu.
Hakusinzia.

Kufuta vijiti viwili: sekunde moja.
Kisha nikakaa na simu hadi chai ikapoa.

Yuko Kibaigwa sasa, anapakia mahindi.
Nyuma yake lori linanguruma.
"Nani?"
"Mimi. Yule wa mfumo."
Kimya. Mtu anahesabu kwa sauti, kumi na nane, kumi na tisa.
"Sema upesi," akasema,
"gunia liko begani."