Ukaa, Ukae

Kaa.
Nakuambia kama ninavyomwambia mwanangu Dagur
kwenye kiti cha daktari wa meno: kaa, usiinuke.
Wewe hewa ukaa, jina lako lenyewe ni amri
na hujawahi kuitii.

Saa kumi alfajiri, Svartahlid, kusini mwa Aislandi.
Mwezi huu jua hupiga miayo tu, halilali.
Kibanda cha kisima namba tisa kinanuka yai viza
na kahawa ya Ketill, iliyolala kwenye chupa tangu jana.
Nje, kondoo wawili wameegemea bomba lenye joto
kana kwamba tulilitandaza kwa ajili yao.
Nafungua vali, robo mzunguko,
nasikia maji yakikubeba: sauti ya soda
inayofunguliwa chumba cha pili.

Walisema wahenga, maji yakimwagika hayazoleki.
Kuhusu moshi hawakusema.
Nasi tumekuja na feni na machujio,
tunakuzoa angani punje kwa punje
kama mtu aliyemwaga pishi ya mtama kwenye nyasi za watu
na sasa ameinama,
ana aibu, ana haraka, giza linaingia.

Halafu tunakushusha. Mita mia saba.
Huko chini jiwe ni jeusi, lina matundu kama mkate wa kumimina,
na kila tundu ni chumba kitupu
tangu volkano ilipozima jiko.
Miaka miwili, wanasema wakemia. Unaganda. Unakuwa chokaa.
Sikuamini, hadi juzi
mashine ilipopandisha mche wa mwamba, mrefu kama mkono wangu,
mweusi tii, na ndani yake mishipa myeupe:
wewe.
Nilikugusa. Ulikuwa baridi. Hukusema kitu.
Nilitaka kukuuliza ulitoka kwa nani,
meli ya makaa, tanuri la saruji, ndege ya watalii,
au baba, aliyevuta kiko miaka arobaini barazani
akitazama barafu ya mlima ikirudi nyuma, nyuma,
kama mgeni aliyegundua kwamba hatakiwi.

Ketill hupiga hesabu ukutani kwa penseli ya seremala.
“Tani zetu za leo,” asema, anatia nukta.
Kando yake anachora duara, linavuka dirisha,
linapita mlango, mkono wake haufiki.
“Na hii ndiyo dunia ilivyotoa tangu uketi kunywa kahawa.”
Anacheka. Mimi sicheki. Kisha nacheka.
Kesho yake duara limefutika kwa mvuke.
Nukta bado ipo. Sijui kwa nini nimeihesabu kuwa dalili.

Kipande kimoja cha mche ule nilimpelekea mama.
Arndis hana muda na miujiza.
Alikipima kiganjani, akakinusa,
akauliza kama kinauzwa.
Nikamwambia: huu ulikuwa moshi, mama.
“Na mimi nilikuwa msichana,” akasema,
akakitupa chini, kwenye mlango wa jikoni
ambao upepo wa kaskazini huubamiza usiku kucha.
Mlango ukanyamaza.
Tukasikiliza ule ukimya, sote wawili.
“Basi kuna kazi kinafanya,” akasema,
akarudi kwenye viazi vyake.

Kaa hapo, basi. Kaa kwenye kizingiti cha mama,
kaa chini ya miguu ya kondoo,
kaa mpaka mjukuu wa Dagur akuone jiwe tu,
akutupe mtoni kwa mchezo, asijue.

Nikaaga. Nikawasha gari,
la dizeli, la mwaka niliooolewa.
Kwenye kioo cha nyuma nikamwona mdogo wako
akiinuka, mwembamba, wa kijivu,
akaenda zake
wala hakugeuka nilipomwita.