Mpangaji wa Nkuhungu

Bunge la kwanza alikuja na nazi kumi na mbili kirobani,
akanipa sita, akasema, "Kodi itafuata, Mama Ndahani."
Ikafuata. Ukweli wa mtu husemwa
hata akiwa mwanasiasa.

Chumba cha uani, dirisha latazama mizabibu ya jirani.
Upepo wa Julai ukampasua midomo, nikampa samli.
Naye akanionjesha mlenda wa tui,
kitu ambacho marehemu mama angekifukuza kwa mwiko.

Usiku alijizoeza mbele ya kioo cha kabati:
"Mheshimiwa Spika, swali la nyongeza..."
Ukuta wangu ni wa tofali mbichi, unasikia.
Ndiyo maana naijua Mikokoni nisiyopata kuiona:
kivuko kilichokufa injini tangu mwaka wa sensa,
zahanati yenye jiwe la msingi, isiyo na paa,
na Mwanahija, aliyejifungulia matopeni
akisubiri maji yajae.
Akifika kwenye jina hilo alisita,
akaanza sentensi upya.

Asubuhi nikawasha redio jikoni, sufuria nikaiepua.
Waziri akajibu: "Serikali inatambua."
Jioni nilimtilia chai sukari ya ziada.
Hakusema kitu. Aliinywa yote.

Bunge la pili alikuja na gari, dereva na tumbo.
Nazi zikawa tatu.
Simu zikawa mbili; ya wapiga kura ililia ndani ya droo,
ikilialia ada, sanda, jezi, mahari ya mtu.
Akanunua kiwanja Iyumbu. Kioo kikapumzika.
Akajifunza kugonga meza:
redioni niliutambua mkono wake,
ulichelewa kidogo nyuma ya mingine.

Siku moja napepeta uwele nikamuuliza, "Na Mwanahija?"
Akaitazama mizabibu.
"Swali limepangiwa kikao kijacho."

Mwaka huu kura za maoni zimempa mia moja na nne.
Aliyemshinda ana pikipiki sabini za kugawa.
Alikuja mwenyewe kuchukua virago, bila dereva,
akalipa mpaka mwezi ambao hatalala hapa,
akaufagia uwanja. Mbunge, na ufagio wangu wa chelewa!
Sikumzuia.

Kabatini kabaki koti moja na faili la kijani.
Nimelisoma, nani atanikataza?
Kwenye swali la kivuko jina la Mwanahija limekatwa
kwa wino mwekundu, sijui ni mkono wa nani,
na juu yake: "mwananchi mmoja".
Pembeni, kwa penseli, mwandiko wa Shamte Kigwande ninaoujua kwenye risiti:
*Mwanahija. Mwanahija binti Mshangama.*
Penseli imebonyea hadi karatasi ya pili.

Jana yule kijana kapiga simu.
Anauliza kama chumba kina kiyoyozi.
Nikamwambia kina dirisha.
Faili nimeliacha mezani, limefunguliwa pale pale.
Kodi ni ya miezi sita.
Nazi si lazima.