Kishoka

Nyanya zangu za Bonde la Msimbazi, upande wa Kigogo,
zinanyauka saa nne asubuhi,
na maji nimezimwagia alfajiri, ndoo kumi na nne,
bega langu ndilo shahidi.
Jioni zinainuka kidogo, kama mgonjwa aliyeona wageni.
Kesho yake zinalala tena.

Nikang'oa mche mmoja.
Mizizi imejaa vifundo, vinene, vimefuatana
kama tasbihi iliyotungwa na mtu asiyejua kuhesabu.

Nikampelekea Eliaichi, mpangaji mwenzangu,
anayeosha vioo kwenye maabara moja Mikocheni
na kuchungulia darubini wakubwa wakienda kula.
Majibu alinipa Ijumaa, uani, povu la sabuni mikononi:

"Ni mnyoo. Mwembamba kuliko uzi wa buibui,
mdomoni ana sindano.
Haoni. Hunusa jasho la mzizi gizani
akalifuata mpaka nchani, palipo laini kama utosi wa mtoto.
Hapo hapigi hodi."

"Kwani mmea haujui kupigana?"

"Unajua sana. Kila chembe ina mlango na bawabu.
Ikiguswa vibaya huwapigia kelele majirani,
kuta zinaongezwa unene, sumu inachemshwa.
Na ile mbegu yako ya bei, ya pakiti inayong'aa,
ina mlinzi wa pekee: akimtambua mwizi
huichoma nyumba mwizi akiwa ndani.
Chembe inakufa kwa hiari, mnyoo anakufa kwa njaa."

"Basi?"

"Basi, unamjua kishoka?"

Nani Dar hamjui. Anakuja na ngazi,
fulana yenye nembo, kitambulisho shingoni,
anakuita mama, anakwambia waya wako umechoka.
Wewe mwenyewe unamshikia ngazi.
Mwezi mzima unanunua umeme,
namba ishirini unazibonyeza moja moja,
na friji inayogandisha ni ya nyumba ya nyuma.

Ndivyo anavyofanya mnyoo. Kwa sindano ile
humwaga mate, na mate yale ni maneno:
yanamwambia bawabu, kaa, huyu ni wa nyumbani;
yanakata waya wa king'ora kabla hakijalia;
yanaghushi sahihi ya mmea wenyewe
na kuagiza: ongezeni viini, msijenge kuta.
Chembe inatii. Inavimba, inakuwa jumba,
viini mia, mlango ule ule mmoja,
na sukari iliyopikwa na majani juani
inashuka yote mezani kwake.
Jike linanona mpaka linakuwa kibuyu,
halitembei tena. Linataga tu,
mayai mamia, ndani ya ute.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, tulifundishwa.
Huyu amekuja. Mwenyeji ndiye chakula.

"Na yule mlinzi wa pekee? Nilimlipia."

Eliaichi akakamua shati, akalikung'uta.
"Huyo husinzia udongo ukipita nyuzi ishirini na nane.
Si mlinzi wa pwani."
Tukatazamana. Ilikuwa Februari.
Hata bomba lilikuwa likitoa maji ya chai.

Usiku sikulala, na safari hii si kwa sababu ya joto.
Nilikuwa nalifuata jembe langu kichwani.
Jumatatu lilikuwa kwa Mwajabu wa bamia,
Jumatano kwa vijana wa mchicha, kule darajani.
Limekwenda na udongo wangu, limerudi na wa watu.
Nani huosha jembe?
Sijui kama waliingia kwangu nalo
au walitoka kwangu.

Kumepambazuka. Nimeshuka bondeni na brashi ya viatu
na ndoo ya maji ya moto.
Nimesimama nje ya ua wa Mwajabu,
sijapanga neno la kwanza.

Napiga hodi.
Napiga tena, kwa sauti, anisikie.